Paka Aliyewekwa kwa Ludovika

Huku kwetu Hanang mwenye ng'ombe wengi halali nao wote zizi moja. Mmoja anamweka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, mwingine kwa jirani wa kabila lingine kabisa, ili ugonjwa ukija usimkute amerundika mali yote mahali pamoja kama kuni. Anayewekewa anakunywa maziwa na kupata samadi. Ndama ni wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa, husemi ameliwa na simba ukanyamaza: unamchuna, unabeba ngozi begani, unampelekea mwenye mali aitazame kwa macho yake, ajue hukumuuza mnadani wala hukumla na wageni.

Hayo ni ya ng'ombe. Hata mbuzi. Ludovika ndiye mtu pekee niliyemjua aliyewekewa paka.

Alishuka kutoka Mbulu juu kuja kuolewa Hirbadaw, mimi nikiwa bado msichana wa kuchota maji. Mume wake alikufa mapema, hakumwachia mtoto. Alimwachia mama yake, bibi Genoveva, ambaye alikuwa mkali hata mbwa wa jirani walibwekea ndani kwa ndani akipita. Genoveva hakula chakula cha Ludovika. Alisema mkono usio na mtoto hauivishi. Alipougua na kushindwa kunyanyuka, Ludovika ndiye aliyemgeuza, akamwosha, akamnywesha uji huku bibi amekaza meno, akamzika vizuri.

Baada ya hapo alibaki na maisha ya kuazima. Shamba alilolima lilikuwa la shemeji. Ng'ombe aliyemkamua alikuwa wa kuwekewa. Watoto aliowabeba mgongoni walikuwa wetu. Hermani wangu alilala zaidi kwenye mgongo ule kuliko kwenye wangu. Wala hakulalamika. Ukimsifia kitu, hata jembe, anakuambia hapo hapo ni cha nani.

Basi siku moja akaja mzee Gidahosh, Mbarbaig mwenye mifugo, rafiki wa marehemu mume wake. Begani ana fimbo, kwapani ana kikapu kinachopiga kelele.

"Ludovika, wewe una panya, mimi nina paka," akasema. "Nilimpata kwa mwenye duka mmoja kwa kibuyu cha samli. Mke wangu anataka kumtupa. Anaingiza kichwa kwenye vibuyu vya maziwa mpaka mabega."

"Unaniuzia, mzee?"

"Siuzi. Naweka."

"Paka?"

"Si ana miguu minne?"

Nilikuwa nimekaa pale nachambua maharage. Nilicheka nusu ya maharage yakarudi shambani yenyewe. Gidahosh hakucheka. Akataja masharti kama anayemkabidhi mtu dume la mbegu. "Panya ni wako. Maziwa yake, ukiweza kumkamua, kunywa. Watoto ni wangu, nitakuja kuwachukua. Akifa, niletee ngozi."

"Ndiyo, mzee," akasema Ludovika.

Gidahosh akanigeukia mimi. "Na wewe, Mama Hermani, ni shahidi."

Nikawa shahidi.

Paka mwenyewe alikuwa wa kijivu, jike, na sikio moja limekatika. Jina hakupewa. Mwenye mali ndiye anayetoa jina, na Gidahosh alikuwa hana haja ya kumwita. Sisi tulimwita paka wa Gidahosh, na Ludovika alimwita hivyo hivyo, hata akiwa amemlaza mapajani anamtoa kupe. Kila alipozaa, mzee alikuja kuchukua watoto wake, na Ludovika alimhesabia wote mbele yangu, hata yule dhaifu.

Ikaja operesheni. Tukaambiwa tuhame kwenye mashamba yetu ya mbali mbali, tukae kijijini pamoja, nyumba zipangwe mstari kama meno. Wengine walienda wakiimba na wengine walienda wakinuna, nami nilifanya vyote viwili kwa zamu. Ludovika alihama na sufuria, blanketi na kikapu cha paka. Gidahosh naye alihamishwa na watu wake, tukapotezana.

Mwaka ule mvua ilikataa. Tulikula yanga, ule unga wa njano wa msaada, na mbegu ya msimu unaofuata ikafungiwa kwenye ghala la kijiji. Panya wakapata habari kabla yetu. Usiniambie habari za panya wa siku hizi. Wale walikuwa na masharubu ya kufagilia ua. Mmoja nilimkuta kwenye njia ya ghala, akanisubiri nimpishe, nami nikampisha. Ludovika akamwingiza paka ghalani, na asubuhi yake panya walipangwa mlangoni, wakubwa upande huu, wadogo upande ule. Mbegu ilifika shambani. Hilo si chumvi yangu, muulize yeyote aliyevuna.

Ndipo, mvua ziliporudi na watu wakaanza kunenepa, paka akaanza kupungua.

Nilidhani ni uzee. Ludovika alimgeuza tumbo juu, akakuta uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya harage. Harage likawa kiazi. Kiazi kikapasuka.

Bwana mifugo wetu wakati ule alikuwa kijana wa Rombo, Didas, ametumwa na serikali kuchanja ng'ombe. Siku ya chanjo Ludovika alipanga foleni na wenye ng'ombe, kikapu mkononi.

"Shikamoo mama," akasema Didas. "Marahaba," akaitikia Ludovika.

"Ng'ombe wako yuko wapi?"

"Yumo humu."

Wanaume waliokuwa nyuma wakapata sikukuu yao. "Bwana Didas, mkate pembe kabisa!" "Angalia asikupige teke!" Didas akafunua kikapu, akatazama, akafunika. Akaweka sindano zake chini, akamchukua Ludovika pembeni chini ya mgunga, nami nikafuata maana masikio yangu hayapendi kubaki nyuma.

"Mama, uvimbe huu hauponi," akasema. "Dawa ya kuuponya sina, na hata wakubwa wangu hawana. Nikimchoma sindano yangu ya ng'ombe nitakuwa nakudanganya tu. Atapungua hivi hivi. Ukitaka, naweza kumpumzisha asiteseke."

"Mwanangu, huwezi kuua mnyama wa mtu, mwenyewe hajasema."

"Si paka wako?"

"Amewekwa."

Kwao Rombo nako wanawekeana ng'ombe. Didas akaelewa, hakubishana. Akatoa chupa ya dawa ya kidonda, ile ya zambarau, akamwonyesha namna ya kupaka. Kuanzia siku ile Ludovika alikuwa na vidole vya zambarau na paka mwenye tumbo la zambarau, na blanketi lake ukiliona ungedhani ni la askofu.

Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye gogo, kikapu miguuni.

"Dada, unawaza nini?"

"Akifa kabla Gidahosh hajamwona," akasema, "itabidi nimchune."

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikameza. "Nani atakudai ngozi ya paka, dada Ludovika?"

"Nilisema ndiyo. Wewe ulikuwepo."

"Nitasema sikusikia. Mimi kusema uongo si kazi kubwa."

"Mimi nilisikia." Akamtoa paka kikapuni, akamlaza mapajani. "Tazama. Namlisha kwa kidole hiki. Kisu nitakishikaje kwa mkono huo huo, Mama Hermani? Mzee akimwona mgonjwa kwa macho yake, ngozi hadai tena, ndivyo ilivyo hata kwa ng'ombe. Lakini yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua kazi iliyopo: kumpata Gidahosh, paka akiwa bado anapumua.

Tuliulizia kwa kila Mbarbaig aliyepita na mifugo. Huku tukingoja jibu, Ludovika aliuguza. Asubuhi alimtoa juani, akamfukuzia nzi kwa kitawi cha mti. Kidondani alipaka dawa, na dawa ilipoisha akapaka asali. Alimnywesha maziwa kwa kuchovya kitambaa, tone kwa tone. Paka aliposhindwa kutafuna, Ludovika alitega panya, akamchuna, akamtwanga laini kwenye kinu akamlisha kama mtoto anayeota meno. Kinu kile kilikuwa changu. Nilikuwa nimemwazima atwange mtama. Nilipojua, nilikisugua kwa mchanga na majani mpaka kikabaki ukubwa wa kikombe, nikakirudisha kwake nikamwambia akae nacho mpaka mgonjwa atakapomaliza.

Shamba la ujamaa hakuenda. Mwenyekiti wetu, Nikolausi, akaja na kofia yake na sauti yake ya mkutanoni.

"Ndugu Ludovika, hatukuoni shambani. Tumesikia una mgonjwa. Kumbe ni paka! Paka huyu ana kadi ya chama?"

"Hana, mwenyekiti. Lakini mwaka wa njaa alilinda ghala usiku kucha, na hukumkuta amesinzia kama wale mgambo wako."

Nikolausi akakohoa. Akasogea, akachungulia blanketi la askofu. Akalifunua kidogo. "Huyu ndiye wa mbegu?"

"Ndiye."

Akavaa kofia vizuri, akaondoka. Kesho yake alipita tena, eti anakwenda kwingine, ameshika kikombe cha maziwa kimefunikwa kwa jani. Akakisahau kizingitini. Kesho kutwa akasahau kingine. Nilimwambia Ludovika kwamba uongozi umeanza kumharibia kumbukumbu mwenyekiti wetu, akacheka, mara ya kwanza siku nyingi.

Mwishowe mchungaji mmoja akaleta habari: Gidahosh yuko Getanuwas. Nikolausi aliniruhusu kuacha jembe nikamlete. Niliondoka alfajiri. Upepo wa siku ile ulikuwa wa kutoka mbele, mkali kiasi kwamba kila hatua mbili nilizopiga ulinirudisha moja, na kama si mawe niliyotia mfukoni ningekuwa nasimulia haya kutoka Singida. Nilimkuta mchana, amekaa na wazee wenzake kwenye kivuli cha boma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Hermani. Umeletwa na nini?"

Sasa sikiliza. Siku ile sikutia chumvi hata punje. Nilisimama mbele ya wazee wale nikasema kweli tupu: paka wako ni mgonjwa, ana uvimbe, bwana mifugo amesema haponi, Ludovika anaomba uje umwone kabla hajafa.

Gidahosh akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mara ya mwisho," akasema, "uliniambia paka huyo amemkimbiza fisi mpaka fisi akapanda mti."

"Mzee, hilo lilikuwa..."

"Kabla ya hapo uliniambia amejifunza kubisha hodi."

Wazee wakacheka na meno yao yote, yaliyopo. Nikaapa. Nikaapa tena. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyofurahi. Mzee mmoja akaniomba niendelee na ya fisi. Kweli yangu ilikuwa imekaa pale katikati kama mgeni asiyepewa kigoda.

Nikamfikiria Ludovika na kile kisu. Nikashusha pumzi.

"Haya, mzee, umenishinda," nikasema, nikatazama chini kama mtu aliyekamatwa. "Hafi. Amezaa watoto sita, wote jike, na Ludovika amewaficha ghalani. Nimetumwa nikudanganye."

Alisimama kabla sijamaliza. Akachukua fimbo, akachukua kibuyu chake kidogo cha samli, akapita mbele. Mzee yule nilimfuata kwa kukimbia, na upepo ambao asubuhi ulinirudisha sasa ulitusukuma mgongoni. Tulilala kwa ndugu yake njiani, na jua lilipochomoza tulikuwa tunaingia kijijini.

Ludovika alikuwa amekaa mlangoni juani, paka mapajani, anafukuza nzi.

"Wako wapi watoto?" akauliza Gidahosh.

"Watoto gani, mzee?"

Wote wawili wakanigeukia. Mimi nikautazama mlima Hanang, ambao kwa bahati nzuri ulikuwa umevaa wingu, nikaonekana mtu mwenye hamu ya mvua.

"Wewe nitakutoza faini ya asali," akasema mzee, fimbo iko juu.

"Haki yako, mzee. Lakini umekuja."

Akashusha fimbo. Akamtazama paka. Yule paka mnene aliyemleta kikapuni alikuwa amebaki ngozi na mifupa na macho. Mzee akapiga magoti, kwa shida, bangili zake za shaba zikagongana. Akachovya kidole kwenye samli, akakisogeza. Paka hakuwa ameonja kitu tangu jana yake. Akanusa. Akalamba mara moja, pole pole, akapumzika, akalamba tena.

"Amekula nini?"

Ludovika akamweleza yote, kama mchungaji anayempa mwenye mali habari za kundi: lini uvimbe ulionekana, lini ulipasuka, dawa ya Didas, asali, maziwa ya mwenyekiti, hata kinu changu hakukiacha. Gidahosh alisikiliza bila kumkatiza.

"Nimekuita uone, mzee," akamaliza Ludovika. "Ngozi... naomba unisamehe ngozi. Mkono wangu hautaweza."

"Nimeona," akasema. "Macho yangu yameona, ngozi ya nini?"

Ludovika akafumba macho. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kutafuta kigoda nimkaribishe mgeni. Mzee akainua mkono.

"Bado. Mtu akinitunzia ng'ombe miaka hii yote, akanihesabia kila ndama bila kuficha, mimi humkatia ndama wake. Sitaki watu waseme Gidahosh alitunziwa bure."

"Ng'ombe sitaki, mzee. Ngozi imetosha."

"Nani amesema ng'ombe? Kwa ng'ombe natoa ng'ombe. Kwa paka natoa paka."

"Lakini watoto wake wote uliwachukua."

"Nakupa huyu."

Akang'oa majani mabichi pembeni ya ukuta, akayalaza nusu juu ya paka na nusu kwenye kiganja cha Ludovika, kama tunavyofanya kwenye baraka. Mimi moyoni nikasema, tazama ubahili wa mzee huyu, anatoa zawadi inayokufa kesho. Halafu nikamtazama Ludovika. Mkono wa kufukuzia nzi ulikuwa umesimama hewani.

"Wangu?"

"Wako. Kucha, masharubu, mkia. Mimi hapa sina kitu."

Mwanamke yule nilimjua tangu nachota maji, na sikuwahi kumwona ameinua kichwa namna ile. Nikajionea aibu kwa ule ubahili niliomsingizia mzee.

Jioni, Gidahosh akiwa anakunywa uji wangu, Ludovika akatuambia amempa paka jina.

"Nani?"

"Genoveva."

Uji ulinipita puani. "Dada! Jina la mama mkwe wako? Kwa nini?"

"Naye anakataa chakula changu," akasema. Akamfuta paka mdomo. "Na naye nimekaa naye mpaka mwisho. Nimeshazoea watu hawa."

Asubuhi Genoveva alishindwa hata samli. Alilia, sauti nyembamba, kila alipopumua. Ludovika alimsikiliza, kisha akanitazama.

"Nenda kamwite Didas. Mwambie mwenyewe amesema."

Didas alikuja na mkoba wake, akamwamkia mzee Gidahosh kwanza, akidhani ndiye. "Shikamoo mzee. Umekubali nimpumzishe paka wako?"

"Si wangu," akasema Gidahosh. "Muulize mama."

"Ni mimi," akasema Ludovika. "Fanya, mwanangu. Lakini hapa hapa nilipomshika."

Alimshika. Didas alifanya kazi yake kwa upole, kama vile anamchoma mtoto. Kilio kilikoma, mbavu zikashuka, zikakaa. Ludovika aliendelea kumkuna nyuma ya lile sikio lililokatika.

Tulimzika pembeni ya ghala, na ngozi yake yote. Gidahosh alichimba, hakumruhusu mtu kumpokea jembe. Nikolausi alikuja, akavua kofia, akasimama kama mtu asiyejua aanzie wapi.

"Tusali?" akaninong'oneza. "Ni paka."

Ludovika alimsikia. "Tushukuru tu, mwenyekiti. Kushukuru hakuna katazo."

Basi Nikolausi akashukuru kwa mbegu, kwa sauti ya mkutanoni, maana nyingine hakuwa nayo. Didas akashukuru kwamba wagonjwa wake wengine hawamvunji mtu moyo hivi, la sivyo angeacha kazi. Gidahosh akasema maneno ya kwao, nami nikayaitikia bila kuyajua yote. Mimi nikamshukuru Genoveva kwa miaka niliyolala bila panya kunitafuna kisigino, na kwa kumfundisha fisi kupanda miti. Watu wakacheka, na Ludovika akacheka nao, machozi yanatiririka mpaka kidevuni, vidole vyake bado vya zambarau.

Yeye alishukuru wa mwisho. Aliinama, akaweka kiganja juu ya udongo. "Asante ulivyokaa kwangu," akasema. Akanyanyuka, akapangusa magoti, akaenda kumchemshia mzee maziwa ya safari.